Pesa Moja, Kingo Mbili

Mimi ni mbishi. Humbishia mtu hata anaponieleza habari za kwao. Mama yangu alinionya, mke wangu akanionya, nami nikawabishia wote wawili.

Mwenzangu wa zamu katika mnara wa ofisi tunaoulinda West Bay, huku Uarabuni, alikuwa mtu wa Niger, Mwislamu mpole aliyenizidi kama miaka kumi. Siku moja alinionyesha noti ya kwao aliyoihifadhi kwenye pochi, akanieleza kwamba inatumika katika nchi nane, Niger na jirani yao Benin zikiwemo. Nilimwonea wivu. Sisi wa Afrika Mashariki tuliahidiwa sarafu moja tangu nikiwa shule, na mpaka leo tunazuiliana maziwa na mayai mpakani.

“Nyinyi mmefika, mzee,” nikamwambia.

“Pesa ni moja,” akasema, “lakini wenye nyumba hawasalimiani.”

Nikadhani anatania.

Kisha Jumanne moja kaka yake akapiga simu. Baba yao alikuwa mahututi na alikuwa akimwulizia yeye. Kwao ni mji mdogo kando ya mto, na ng'ambo ya mto ni Benin. Wenzetu wa zamu tulichanga, mchango ukatosha. Ndege ya kwenda Niger ilikuwa na nafasi Jumapili. Ya kwenda Benin ilikuwa na nafasi Jumatano, kesho yake.

Yeye alitaka ya Jumapili. “Daraja la mpakani limefungwa tangu wakubwa wagombane,” alinieleza. “Watu huvuka kwa mitumbwi, na kuna siku mitumbwi nayo huzuiwa.”

“Acha woga, mzee. Sisi wenye shilingi mbili tunavuka Busia na kitambulisho tu, asubuhi uko Kenya, mchana unakula Uganda. Nyinyi wa pesa moja mtazuiwaje? Jumapili ni mbali. Baba anakungoja.”

Mganda tunayelala naye chumba kimoja aliniunga mkono. Mzee akakubali. Nilimkatia tiketi kwa simu yangu, nikamsindikiza hadi uwanja wa ndege, na nikarudi nikijiona mtu wa maana.

Ijumaa, siku ambayo huku hata sisi Wakristo husali, nilikuwa Mesaimeer kwenye eneo la makanisa, katika foleni ya kuingia, ujumbe wake wa sauti ulipoingia. Alikuwa ukingoni upande wa Benin tangu jana yake. Mitumbwi ilikuwa imezuiwa. Aliyaona mabati ya nyumba za kwao. Alikuwa amenunua chai na mkate kwa noti zilezile ambazo mama yake hununulia chumvi upande wa pili. Baba alikuwa amefariki alfajiri, na wangemzika baada ya swala ya Ijumaa. Yeye angemswalia akiwa hapohapo alipo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilitoka kwenye foleni nikampigia. Sikuweza hata kumpa pole vizuri. Nilimwambia kosa ni langu, nisamehe, mimi ndiye niliyekupeleka huko.

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na maji.

“Usijilaumu,” akasema. “Wewe hukujua.”

Nilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia.