Kanda Inayomwita Ndaki

Tangu wamzike mkewe Mariana pale Songwa, Mzee Ndaki hakuogopa kitu. Fisi angebisha hodi, angemfungulia. Lakini siku Ritha wa maktaba ya chuo kikuu alipopiga simu kutoka Shinyanga, aliogopa.

"Mzee, tuna kanda ya zamani. Wanawake wa Songwa wanaimba wakipalilia pamba. Mmoja anaacha wimbo, anamwita Ndaki. Ni wewe?"

Shemeji yake Sikujua, mdogo wa marehemu, akang'aka.

"Usiende! Mfu akikuita kwa jina, ukaitika, umekubali kumfuata. Hata watoto wanalijua hilo."

"Nitanyamaza."

"Wewe? Dada alikuwa hajamaliza kuita, umeshaitika!"

Akaenda. Sauti ya mke wake ilikuwa imeanza kumtoka masikioni, na hilo alilichelea kuliko kufa. Sikujua akaandamana naye, ati kumziba mdomo.

Chumba cha kanda kilikuwa baridi, hakina dirisha, kinanuka siki. Makasha yalipangwa mpaka darini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Humo kuna watu?"

"Sauti zao tu."

"Wazima?"

Ritha akasita. "Wachache."

Sikujua akarudi nyuma. "Mimi siingii humo. Nipo hapa nje." Mlango ukafungwa. Ndaki akabaki na mdomo wake.

"Utepe umechakaa," Ritha alisema. "Tunaupiga, kompyuta inanakili. Ukikatika, ndiyo basi tena."

Mashine ikazunguka. Kwanza mikwaruzo, halafu majembe, halafu wanawake. Ndaki akawatambua. Huyu kaburi lake liko nyuma ya kwa Maduhu. Huyu alifia Mhunze. Wote wanacheka. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akaivuta kola ya koti, akaiuma.

Ndipo sauti moja ikapanda juu ya nyingine. Mariana, bado bibi harusi, kabla ya watoto, kabla ya kile kikohozi.

"Ndaki!"

Akauma zaidi. Meno yakauma.

"Ndaki we! Umekufa huko? Leta minzi, kiu inaniua!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kola ikamponyoka.

"Nakuja," alisema.

Wimbo ukaendelea bila kumngoja. Alipolisikia neno lake mwenyewe, ubaridi ukampanda mgongoni hadi kisogoni.

"Kumbe ndiye wewe," Ritha alisema, anatabasamu.

Akatikisa kichwa kukubali.

Nje, Sikujua alimtazama usoni, kisha midomo.

"Umeitika."

"Aliomba maji, shemeji."

"Shemeji!"

"Ningemnyima?"

Sikujua alimkamata mkono kwa nguvu, kama anavutana na mtu aliyeushika ule wa pili, wakaanza kushuka ngazi.