Siku Mzee Alipokinyamazisha Kibanzi

Kwetu Dodoma, kwenye nyumba yenye mgonjwa hapapigwi ngoma, basi. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa namhudumia bibi mmoja wa Kimarekani kule mjini Bowie, Marekani, nilimwona mumewe anatoa dude lake la muziki kabatini nikasema moyoni, haya, huyu mzee kachanganyikiwa.

Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi. Hasemi, mkono wa kulia hauinuki, na mlango ukijibamiza anakunja uso. Daktari alitaka apate utulivu. Mzee alikuwa hajapiga tangu mkewe augue, na aliniambia wazi kwamba akiona sauti inamuumiza, atalifungia lile dude na hataligusa tena.

Lenyewe ni sanduku lenye nyuzi. Unazungusha mpini, gurudumu la mbao linazikwaruza nyuzi, zinalia. Uzi mmoja umekalia kibanzi kilicholegea; ukizungusha kwa nguvu, kibanzi kinagongagonga ubao na kuvuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Huo mvumo ndio uliomtia mzee hofu.

Akaniweka kando ya kitanda nimtazame mkewe usoni. Akazungusha. Nzzz! Bibi akafumba macho.

"Punguza, mzee!" nikafoka.

Kuna kigingi kidogo kinachouvuta ule uzi. Akakilegeza kidogo, akajaribu, akalegeza tena. "Bado," nikasema. Mimi kwa kuamrisha sijambo. Mwishowe kibanzi kikatulia kabisa, zikabaki nyuzi nyingine zinaimba taratibu. Nikamwambia hapo sawa, hata mtoto mchanga atalala.

Bibi akageuzia uso ukutani.

Mzee akaacha kuzungusha. "Basi," akasema. "Hata hii inamuumiza." Akaanza kulifunga dude. Maskini! Ukali wote ukaniisha, nikamwonea huruma. Watu wameishi pamoja maisha yao yote, leo mmoja anaogopa hata kumwimbia mwenzake.

Mara nikasikia kitanda kinalia. Bibi alikuwa anajivuta kwa mkono wake mzima kuelekea ukingoni.

"Bibi, utaanguka!"

Wala hakunijali. Akalivuta dude, akakishika kile kigingi, vidole vinateleza, akawa anakikaza, anaurudisha ule mvumo tulioufukuza. Mzee alipotaka kumsaidia, akampiga kibao mkononi. Akakaza mwenyewe mpaka akaridhika, kisha akaushika mkono wa mumewe na kuuweka kwenye mpini.