Mabati kwa Kiswahili, Mungu kwa Kisamia

Juzi, kwenye duka la kuchapisha hapa mpakani Busia, binti wa chuo kikuu alikuwa akiilisha kompyuta mahubiri ya kale ya Waingereza ili imhesabie yanamtaja Mungu mara ngapi. Mchungaji mmoja aliyekuja kuchapisha kijitabu cha mahubiri yake akavutiwa. Nyuma yake alisimama mkalimani wake, yule anayemtafsiria kwa Kisamia kila Jumapili.

"Yangu yamo humu, Kiswahili changu na Kisamia chake, yameandikwa kama yalivyosemwa kanisani," mchungaji akasema, akimpa binti flashi. "Tuone kama hao Waingereza wananiweza."

Kompyuta ikazunguka kidogo. Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mmewashinda, mchungaji. Ila kwa Kiswahili chako Mungu ni wa kutafuta, michango ya mabati ya kanisa ndiyo imejaa. Mungu yuko huku kwa Kisamia."

Sote tuliokuwa dukani tukamgeukia mkalimani. Akajikuna kisogo.

"Mchungaji, ukianza tu mabati, watu wanainuka kwenda. Mi nataja Mungu, wanakaa."

Mchungaji akachomoa flashi yake.

Na hao Waingereza wa kale, nani alisimama kando yao akiwaongezea Mungu?