Chaki ya Bluu Kwenye Geti

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa anamgombeza mumewe. Walikuwa wanahamia kwenye nyumba ya vyumba vingi ambayo mimi nakaa nje ya geti lake, nashona viatu. Mume alitangulia, amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Yeye alifuata nyuma akichechemea, mkono mmoja umeshika goti, mwingine ndoo iliyojaa nyuzi na mikasi.

"Baba wee, hicho hakina pumzi, unakibembelezea nini? Tembea!"

"Kikianguka utanishona mimi," mume akajibu.

Nilicheka huku nimeinamisha kichwa. Mimi si mtu wa kuanza kusalimia. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya ubao wangu, akavua kiatu cha mguu mbovu, akanipa. "Shemeji, hiki kinaisha upande mmoja tu. Niongezee kisigino kidogo." Basi, nikawa shemeji, bila kuulizwa kama nataka.

Watu wa nyumba ile walimwita Mama Vipimo, kwa sababu hakuamini kipimo cha mtu mwingine. Ukimpelekea suruali ukamwambia kiuno chako ni hiki, alikusikiliza vizuri, kisha alivuta utepe shingoni akakupima upya. Alitaja mpaka nusu na robo. Mteja akimwambia achana na hiyo robo, alimjibu, "Hiyo robo ndiyo itakayokubana ukikaa kula."

Mguu wake haukuweza kukanyaga cherehani kutwa nzima. Mumewe alikuwa fundi redio, akamfungia mota, ikawa anagusa kwa ncha ya kiatu tu, cherehani inakwenda yenyewe. Kwa mota hiyo alipata kazi ya kushona sare za shule, na kwa sare hizo walilipa chumba. Bila umeme, mama yule hakuwa na kazi.

Sasa nieleze jambo la geti. Msoma mita alikuja na pikipiki kila mwisho wa mwezi, mchana, wakati wapangaji wengi wako kazini na geti limefungwa. Alichoka kugonga. Wapangaji nao walichoka kuambiwa hawakukutwa. Wakaelewana naye: kila mmoja aangalie mita yake mwenyewe, aandike namba kwa chaki nje ya geti pembeni ya namba ya chumba chake. Yule bwana alifika, akasoma geti bila hata kuvua kofia ya pikipiki, akaondoka. Ofisini aliandika kwamba ameona mita kwa macho yake. Wote waliridhika. Mume wa Mama Vipimo aliandika kwa chaki ya bluu ya mkewe, ile bapa ya kuchorea vitambaa, na maandishi yake niliyazoea kwa sababu yalikuwa juu ya kichwa changu.

Mume akafa. Aliugua muda mfupi, tukamzika.

Mwisho wa mwezi ule mama alitoka na chaki mwenyewe. Alisimama muda mrefu akitazama namba za mwisho za marehemu.

"Unaona, shemeji?" akasema. "Mita ina tarakimu nyingi kuliko hizi. Ya mwisho alikuwa anaiacha. Mtu mvivu wa kuandika mpaka kaburini."

Akafuta, akaandika zote. Alirudi ndani kuhakikisha, akatoka tena, akakazia ile ya mwisho. Mimi nilikopanga umeme ni wa mwenye nyumba, mambo ya mita siyajui. Nilimwambia imekaa vizuri.

Bili iliyokuja ilikuwa kubwa kuliko kodi ya chumba ya mwaka mzima. Aliileta kwenye ubao wangu, akaiweka juu ya viatu vya watu.

"Nisomee. Labda macho yangu yanalia bado."

Nilimsomea taratibu. Akaingia ndani kulinganisha na mita. Namba zilikuwa zile zile, hakuna iliyopungua. Hapo akapata jibu lake: mita imeharibika. Imefiwa na bwana wake, imerukwa na akili.

Kesho yake aliniomba nimsindikize ofisini, niwe shahidi kwamba ana mota moja, taa moja na pasi anayoiwasha kwa kujibana. Tulikaa kwenye benchi mpaka mguu wake ukafa ganzi. Dirishani alikuwepo karani mwanamke, amechoka kama sisi, anajipepea kwa karatasi.

"Mama, kwako kuna kiwanda?"

"Kipo. Kina mfanyakazi mmoja, naye ana mguu mmoja."

"Kompyuta inaonyesha umetumia."

"Hiyo kompyuta imewahi kufika kwangu?"

"Msoma mita amefika."

Mama akanigeukia. Sote wawili tulijua msoma mita hajawahi kuvuka geti, lakini tulijua pia kwamba tukisema hivyo tutamwaga unga wake na kuwachongea wapangaji wote. Mama aliikunja bili. Karani alisubiri, halafu akanitazama mimi.

"Na huyu baba?"

"Huyo ni shahidi wangu, ila ulimi ameuacha kwenye kiatu cha mtu."

Karani alicheka, akamwonea huruma kidogo, akamweleza. Lipa kwanza, kisha lalamika. Au omba mita ipimwe, lakini ikikutwa nzima gharama ya kupima ni yako, juu ya bili. Na mama hakuwa na cha kulipa upande wowote. Aliomba tu waje waangalie. Karani akaandika, akasema watakuja.

Tulirudi tena na tena. Kila mara karani alikuwa mwingine, na mama alianza hadithi upya tangu mume kufunga mota. Mara ya mwisho hakuanza na mota. Alisema tu, "Mita yangu inaumwa," akakaa chini. Mlinzi alimletea maji.

Waliokuja walikuwa wa kukata. Vijana wawili wenye ngazi, wapole, wakamwomba samahani, wakakata.

Sare za shule zilikuwa zimelala mezani, nusu zimekatwa, na shule inafunguliwa karibu. Mama alirudisha mkanda wa kukanyaga. Siku ya kwanza alikanyaga mpaka jioni. Siku ya pili nilimsikia kutoka getini: cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda, inasimama muda mrefu zaidi. Nikafunga ubao wangu nikaingia. Nilikaa upande wa gurudumu nikalizungusha kwa mkono.

"Polepole, shemeji. Hapa hushoni soli."

Nikapunguza.

"Sasa umelala. Zungusha!"

Ikawa hivyo kila nikimaliza viatu. Yeye anasukuma kitambaa, mimi nazungusha, bega linaniwaka moto. Tulizungumza kidogo sana. Mara moja alisema, bila kuinua kichwa, "Mume alifunga mota nisipate shida. Sasa shida imeingia kwa waya ule ule." Tulizipeleka sare tumechelewa. Mwalimu mkuu alizipokea, akashukuru, na kazi ya muhula uliofuata akampa fundi mwingine.

Mwisho wa mwezi pikipiki ilisimama getini. Mama alikuwa ameketi karibu yangu, anamsubiri. Msoma mita alipoinua macho kusoma chaki, alikuta kwenye chumba cha mama hakuna kitu. Pamefutwa.

"Mama, hujaandika leo?"

"Umeme umekatwa, niandike nini? Leo unaingia. Vua hiyo kofia, uone nyumba ya watu."

"Nina haraka, mama yangu."

"Haraka ya wapi, mwanangu? Mita iko pale pale, haitembei."

Aliingia. Nami niliwafuata, kwa kuwa mama alikuwa ameshika mkono wangu. Msoma mita aliinama mbele ya mita, akatazama bili aliyopewa, akatazama tena mita. Alijikuna shingo.

"Hizi namba uliandika zote?"

"Zote. Mimi siachi."

"Na hii ya mwisho, nyekundu?"

"Nayo."

"Mama, nyekundu hatuisomi. Hicho ni kipande tu cha uniti, hakijafika uniti nzima. Ukiiandika pamoja na nyingine, namba yote inakuwa kubwa mara kumi, na kompyuta inadhani tofauti yote umeitumia kwa mwezi mmoja."

Mama alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya ile tarakimu nyekundu. Nilidhani atagomba, au atacheka. Alikaa kwenye kizingiti polepole, akanyoosha mguu.

"Kumbe alikuwa anajua," akasema. "Kumbe hakuwa mvivu."

Msoma mita alikuwa na hofu yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitasema nini kule? Niliandika nimeona."

"Sema umeona leo," mama akamjibu. "Si umeona?"

Kurekebisha nako kulikuwa na foleni yake. Msoma mita aliandika amesoma upya, karani akapeleka kwa mkubwa wake, mkubwa akawa safarini. Hatimaye bili ilirudi ndogo, pamoja na ada ya kuunganishiwa umeme, ambayo hakuna aliyekubali kuifuta. Mama aliilipa kwa kuuza pasi. Hakubishana. "Nimechoka kusimama, shemeji," ndiyo yote aliyosema.

Umeme ulirudi lakini yeye hakurudi kama zamani. Alishona mshono mmoja, akazima, akaenda kutazama mita. Akashona mwingine, akazima. Wateja walisubiri, wakachoka. Mguu ulikuwa umevimba tangu zile siku za kukanyaga, na haukunywea. Kwenye geti alianza kuandika namba kama marehemu, bila ile ya mwisho, kwa chaki ile ile ya bluu. Aliandika akiwa amesimama kwa shida, na kila mara alibaki hapo kidogo baada ya kumaliza.

Binti yake alikuja kumchukua. Vitu havikujaza hata gari dogo. Kichwa cha cherehani hakukubali kipakiwe nyuma. Alikaa nacho mapajani, amekikumbatia, na nilipokiona hivyo nilikumbuka siku ile ya kuhamia. Nilimpa kiatu chake kupitia dirishani. Nilikuwa nimekiwekea kisigino kipya.

Alikigeuza, akapima kisigino kwa dole gumba, akaridhika. Gari liliwashwa. Alitazama juu ya kichwa changu, kwenye namba za bluu, kisha kwenye taa ya nje ya geti.

"Shemeji," akasema, "hiyo taa inawaka mchana. Waambie wazime."