Kipimo cha Asajile

Esnath alipofariki wakati wa masika, alimwachia mdogo wake Atupakisye amana moja tu, mwanawe Asajile. Atupakisye, mchuma chai na mwanakwaya wa Bulyaga, Rungwe, alimpokea kijana huyo wa miaka kumi na tano kama aliyemzaa mwenyewe. Kabla mahindi hayajakomaa, Asajile akakamatwa na wenzake wawili kwa kuvunja kibanda cha kuuzia simu na kuiba, akapelekwa mahabusu ya watoto.

Hakimu alitaka ripoti kwanza. Kijana akirudishwa nyumbani, atatulia au atarudia? Ndipo akaja afisa ustawi wa jamii, Jackson, na dodoso la kupima hatari. Mpole, msikivu, ila mgeni Rungwe.

"Usiku analala wapi, mama?"

"Kwenye kijumba chao, nyuma ya migomba. Yeye na vijana wenzake."

"Halali kwako?"

Atupakisye akacheka. "Baba, kijana anayeota ndevu alale chumba kimoja na mamaye? Huku kwetu wanajengewa chao. Anakula kwangu, tunasali pamoja, ndipo anakwenda kulala."

"Nimekuelewa. Lakini hapa pana majibu mawili tu, nyumbani au kwingine."

Akaweka alama kwenye kwingine. Jibu la nani anamwangalia usiku likafuata hilo, la marafiki nalo likafuata, yakaangukiana kama migomba kwenye upepo. Ripoti ikasema hatari kubwa. Asajile akabaki kulekule.

"Ungesema analala kwako," jirani yake Prisca akamsuta. "Ukweli wako umemfunga mtoto."

"Nimfundishe kutoiba kwa kusema uongo?"

"Haya. Kaimbe kwaya."

Baada ya muda akaja dada mmoja mtafiti kutoka mjini, Gloria, kuuliza familia kama lile dodoso linafaa. Atupakisye akamweleza yote. Gloria akaandika, akasikitika, akakiri kwamba swali lile lina kasoro. Vijana wengi wa huku walikuwa wameonekana hatari kwa sababu hiyohiyo.

"Basi mwanangu atatoka?"

"Mama, sisi hatugusi kesi. Tunapima kipimo chenyewe. Mwakani kitarekebishwa."

"Kesi ni Alhamisi. Njoo umwambie hakimu hayohayo."

"Alhamisi nina kikao Mbeya, mama yangu. Pole sana."

Pole alikwisha kupewa nyingi tangu msibani.

Alhamisi akaenda peke yake. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza afisa akakione hicho kijumba, akaahirisha kesi. Na Jackson yuko likizo. Asajile alimtazama mama yake mdogo mara moja, akainamisha kichwa, akaondoka na askari.

Jioni Atupakisye akapiga magoti. "Bwana, Esnath yuko kwako. Mwambie wewe, mimi sina la kumwambia." Hakusema amina. Akainuka, akachukua ufagio, akaenda kukifagia kijumba, afisa asije akakikuta kichafu akaandika na hilo.