Chama cha Kuingia Bila Hodi

Marjun alizaliwa Sandoy, mojawapo ya visiwa vya Faroe, katika kijiji ambacho mlango umewekwa kwa ajili ya upepo, si kwa ajili ya watu. Mgeni anausukuma, anavua viatu, anapaza sauti "Ni mimi!", na kabla hajajibiwa amekwisha kufika jikoni. Mwenye nyumba asipokuwepo, mgeni hujimiminia kahawa na kukaa kumsubiri. Kuondoka bila kusubiri ndio utovu wa adabu.

Kwa miaka mingi mwanamke huyu alikuwa akikata minofu ya samaki kiwandani, kisha akawa msaidizi kwenye chekechea ya kijiji. Mwalimu mkuu alipostaafu, halmashauri ikasema chekechea haiwezi kuendelea bila kiongozi mwenye stashahada. Ingefungwa, na watoto wapelekwe kwa basi kijiji kingine. Wazazi wakaomba muda. Wakamgeukia Marjun. Akiwa na miaka arobaini na minne, wanawe watatu wakiwa wanajitegemea, alipanda ndege akaja huku Jutland, Denmark, kwenye chuo chetu cha walimu wa watoto, ninakofundisha maadili ya kazi.

Alipata chumba katika bweni. Mjini hapakuwa na chumba kingine cha kupanga, wakati ule wala sasa. Akikipoteza kile, masomo yangeishia hapo, na chekechea ya Sandoy ingefungwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani habari ya milango ni mchezo.

Siku ya pili tu alipika chapati za maji, akajaza sahani, akaingia chumba cha kwanza mkono wa kushoto. Kilikuwa cha Troels, mwenyekiti wa baraza la bweni, kijana mrefu anayepiga pasi hata soksi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya hotuba ya kukaribisha wageni wapya. Suruali ilikuwa kitandani.

"Wewe nani?"

"Marjun, jirani yako. Kula, zingali za moto."

"Nimevaa chupi!"

"Naona. Nimelea wavulana watatu, mpenzi wangu, huna jipya la kunionyesha. Sukari unayo?"

Troels aliandika malalamiko jioni ileile, kwa lugha safi, na akaambatanisha kifungu cha kanuni za bweni. Chapati alizila. Nilimuuliza baadaye, akakiri.

Wiki chache zikapita, zamu ikawa ya Ditte, binti wa chumba kilichopakana na cha Marjun, mpole, msemaji wa taratibu. Alirudi kutoka darasani akamkuta mwanamke mzima amekaa kitandani kwake anafuma soksi, na vyombo vyote vimeoshwa.

"Unafanya nini chumbani kwangu?"

"Nakusubiri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuwepo. Ungekuwepo ningekusubiri wa nini?"

Hayo yakawa malalamiko ya pili. Kanuni za bweni zinasema wazi: ya tatu yakithibitishwa, mpangaji anahama. Mimi hukaa kwenye baraza kwa niaba ya chuo, na nilipiga kura ya kumpa onyo. Leo pia ningefanya hivyo. Chumba cha mtu ni chake, na wema wa aliyeingia haubadilishi hilo. Marjun hakubisha wala hakulia. Alisimama akasema, "Haya. Sitashika tena kitasa cha mtu." Na neno lake alilitimiza. Wapo wasomi wengi ambao siwezi kuwasemea hivyo.

Akaanza kubisha hodi. Hapo ndipo nilipoanza kututazama sisi wenyewe, na sikupenda nilichokiona. Kwetu, hodi isiyo na miadi ni ya muuza madirisha au ya mhubiri. Mtu akiisikia hushusha pumzi, huzima redio na kutulia hadi nyayo ziondoke. Marjun alikuwa akigonga mlango mmoja hadi mwingine, na nyuma ya kila mlango kijana mwema alikuwa amejikausha kama sungura aliyeona mwewe.

"Mnalala sana nyie Wadenmark," aliniambia siku moja baada ya kipindi. "Saa kumi na moja jioni korido nzima imelala."

"Hawajalala," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Nilijua," akasema. "Nilitaka tu kusikia mtu mmoja akisema."

Kwa kuwa hakuweza kuingia kwa watu, akaamua watu waingie kwake. Aliacha mlango wazi kutwa, ameuzuia kwa buti. Wazo lilikuwa zuri, ila dirishani alikuwa ametundika paja la kondoo kutoka kwao, lile linalokaushwa kwa upepo miezi mingi bila chumvi. Ni chakula cha heshima Sandoy. Harufu yake mtu asiyeizoea hudhani kuna mnyama amefia ukutani. Ikasambaa korido nzima, ikaingia kwenye makoti, na mwezi Januari yakaja malalamiko ya tatu. Mwandishi alikuwa Troels tena.

Majira hayohayo chuo kilikuwa katika mambo makubwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wanafunzi wetu wengi ni wapweke, basi mkuu wa chuo akatangaza mwaka wa ustawi wa wanafunzi na uimara wa jamii. Likatoka bango zuri lenye picha ya vikombe viwili na maneno "Usikae peke yako". Wanafunzi walilipenda, kila mmoja alichukua lake, akalibandika ndani ya chumba chake, akafunga mlango. Mshauri alikuwepo, kwa miadi ya wiki tatu mbele. Ulikuwepo pia mfuko wa fedha kwa kikundi chochote cha wanafunzi kitakachowaleta watu pamoja, ila kutoka bwenini hakuna aliyeomba. Mkuu akaniagiza nilipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa wapangaji.

Mkutano ulifanyika jikoni, pale ambapo kila mtu ana rafu yake kwenye friji na kila pakiti ya maziwa ina jina. Walikuja wote. Watu wetu hawakosi mkutano wenye ajenda. Marjun alikaa mwisho wa meza akifuma. Nilijua kuwa sanduku lake liko tayari, maana nilipita mlangoni kwake nikaliona.

Troels alisoma. "Ajenda ya nne. Malalamiko dhidi ya mpangaji Marjun. Harufu. Marjun, una la kusema?"

"Nyama ni yangu na inanuka," akasema Marjun. "La kubisha sina. Ila ningeomba kuuliza, kwa kuwa huenda ni mara yangu ya mwisho. Nimepika, nimegonga, nimeacha mlango wazi. Hata kabla nyama haijaanza kunuka hakuja mtu. Nimewakosea nini?"

Watu wakakagua vidole vyao. Ditte akanyoosha mkono, akasubiri aruhusiwe, akaruhusiwa.

"Hujanikosea," akasema, masikio yakiwa mekundu kwa haya. "Siku ile uliyonisubiri… sijawahi kurudi chumbani hapa nikakuta mtu. Sikujua mtu hufanyaje. Ndiyo maana nikaandika malalamiko."

Watu wakacheka, na Ditte mwenyewe akacheka.

"Sasa mbona hukuja kwangu, mwanangu? Tunatenganishwa na ukuta!"

"Nije kufanya nini? Saa ngapi? Na nani mwingine?" Ditte alikuwa anauliza kwa dhati. "Marjun, sisi hatuendi tu kwa mtu. Tunaendaga kwenye kitu. Kikao, mazoezi, kwaya. Kinachoanza saa moja na kwisha saa tatu."

"Chama," akasema mwingine.

"Ndiyo, chama. Ungekuwa chama tungekuja wote."

Marjun aliweka sindano chini. "Yaani nikiwa mtu hamji, nikiwa chama mnakuja?"

"Kwa hakika," akasema Ditte.

"Basi nifanyeni chama, jamani! Mnangoja nini?"

Nikasema kwamba, kwa bahati, ajenda ya saba inahusu mfuko wa chuo kwa vikundi vipya. Troels akatikisa kichwa. "Hatuwezi kurukia ajenda ya saba tukiwa ya nne." Ikapigwa kura kama inawezekana kurukia. Ikapita bila pingamizi, naye Troels akiunga mkono, maana alikuwa ametaka tu utaratibu ufuatwe.

Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, na sijaona macho yao yakiwaka kama wakati mtu anapotamka neno katiba. Dakika hiyohiyo kalamu zikatoka. Jina la chama: Chama cha Kuingia Bila Hodi. Uanachama: kila mwanachama atapewa kondoo mdogo wa sufu, aliyefumwa na Marjun. Kondoo akitundikwa kwenye kitasa kwa nje, mwanachama yeyote aingie bila kugonga. Asipotundikwa, asiingie mtu, hata Marjun.

"Na anayeingia apaze sauti kwanza," akasema Troels. "Hilo nalitaka liandikwe. Ili mtu apate nafasi ya kuvaa."

"Suruali iwe kifungu cha ngapi, Troels?" akauliza mmoja.

"Cha tatu," akasema Troels, hakucheka, akaandika.

Walipofika kwenye viongozi, wakamchagua yeye mwenyekiti, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaza chama ambacho Troels si mwenyekiti wake. Aliinuka kushukuru, kisha akasita.

"Kuna tatizo. Mwenyekiti hawezi kuwa na shauri dhidi ya mwanachama mwanzilishi. Haipendezi."

"Basi kataa uenyekiti," akasema Marjun kwa upole wa hatari.

Troels alilitazama jambo hilo kwa uchungu wa kweli. "Nitaondoa malalamiko," akasema mwishowe. "Kwa sharti moja. Nyama iende kwenye banda la baiskeli. Kule upepo unapita."

"Upepo unapita vizuri?"

"Unapita toka magharibi."

"Kijana, hapo ndipo ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo!" Akanyoosha mkono juu ya meza, wakashikana. Ajenda ya nne ikafungwa. Marjun akarudi chumbani akalifungua sanduku.

Fedha za mfuko zilipatikana, zikanunua sufu na kahawa. Jioni ya kwanza ilipangwa Alhamisi, kuanzia saa moja. Nilifika kwa niaba ya chuo, nikakuta jambo ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Kondoo walikuwa wamening'inia kwenye vitasa vyote, korido nzima, na harufu ya kahawa ilitoka chini ya kila mlango. Koridoni hakukuwa na mtu. Kila mwanachama alikuwa amepamba chumba, amekata keki, amekaa anasubiri kutembelewa. Katiba ilikuwa imesahau kusema nani atatembea.

Marjun alisimama pale katikati akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akafungua mlango wa kwanza mkono wa kushoto. "Ni mimi!"

Troels alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na suruali. "Karibu ndani," akasema, ingawa Marjun alikuwa ameshaingia.

"Inuka, mwenyekiti. Chukua keki yako twende kwa Ditte. Tukimaliza kwake tutamchukua na yeye."

Walikwenda hivyo, chumba hadi chumba, msafara ukizidi kurefuka, na waliofika chumba cha mwisho hawakutosha, wakakaa koridoni sakafuni na keki zao. Saa tatu kamili Troels akatangaza mwisho. Hakuna aliyeinuka. Huo ulikuwa uvunjaji wa katiba, nami nilikuwepo, na sikusema kitu kwa sababu lilikuwa jambo la kurekebishwa kwenye mkutano mkuu, nalo lilirekebishwa. Siku hizi nusu hukaa na nusu hutembea, kwa zamu. Wapo pia wanaotundika kondoo siku isiyo Alhamisi, na hao ndio ninaowahesabu kuwa wameelewa. Ustawi wa watu hauletwi na bango. Huletwa na mtu aliye tayari kusumbuliwa.

Marjun alihitimu. Chekechea ya Sandoy iko wazi, naye ndiye mkuu wake. Mwaka uliofuata nilipeleka wanafunzi kwenye mazoezi ya kazi kule, na Troels akiwa mmoja wao. Yeye na mimi tulitangulia kufika nyumbani kwa Marjun, mvua ikija kwa ubavu kama ilivyo desturi ya huko. Troels akachana nywele zake kwa vidole, akagonga mlango mara mbili, kwa adabu.

Hakuna aliyekuja. Akagonga tena. Ndani tulisikia sauti ya Marjun ikimwambia mtu, "Hebu katazame lile bati la banda, upepo umelilegeza, linagonga."

Troels alinigeukia, maji yakimchuruzika puani. "Hakuna kondoo kwenye kitasa," akasema.

"Hakuna," nikasema.

Alifikiri kidogo. Kisha akavuta suruali yake juu, akakohoa, akausukuma mlango.

"Ni sisi!"