Kijiko cha Kwanza

Leo mwanangu amegoma kula kwa sababu mimi siwezi kumeza.

Majirani wa hapa Mafiga mnamjua Agnesi wangu. Ni mtu mzima sasa, lakini hasemi, na mikono yake haishiki kijiko.

Utotoni alipaliwa vibaya, akaanza kuogopa chakula. Nikamzoesha hivi: kijiko cha kwanza nakula mimi, anaona nimemeza, ndipo naye anafungua mdomo.

Sasa koo langu linaziba kwa saratani. Hata maji yanarudi.

Mchana jirani yangu, Mama Rehema, kaja na ndizi za Kinole, kaziponda laini kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo pumzika, nitamlisha mimi."

Akala kijiko cha kwanza, akaachama. "Umeona, Agnesi? Nimemeza! Tamu hizi. Nitamaliza mwenyewe, shauri yako!"

Agnesi akacheka. (Mama Rehema huyo, nani asicheke?)

Kisha Agnesi akanigeukia mimi, akasubiri.

Nikajaribu. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Chakula kikarudi chote kwenye kanga.

Agnesi akafumba mdomo.

Tukambembeleza mpaka chakula kikapoa. "Mwalimu," akasema Mama Rehema taratibu, "huyu anakungoja wewe."

Niungame kwenu, maana siku zangu si nyingi. Kufa sikuogopi. Naogopa mlo wake wa kwanza baada ya mazishi.

Wazazi wenzangu mnaolea watoto kama wangu, mlimzoeshaje mtoto kula mkononi mwa mtu mwingine? Niandikieni hapa, leo.

Bakuli liko mezani. Agnesi bado anautazama mdomo wangu.